Unga mweupe wa aina mbili na ayoni zinazotazama tu

Kwenye maduka ya pembejeo kuna mifuko miwili ya unga mweupe ambayo kwa macho ni vigumu kuitofautisha. Mmoja una chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Mwingine una jasi. Ukimuuliza muuzaji atakujibu kwamba yote miwili ina kalsiamu, na hatakuwa amekudanganya. Lakini mkulima ambaye udongo wake umeingiwa na tindikali, akibeba jasi akidhani amebeba chokaa, atapoteza fedha, jasho na msimu mzima. Tindikali itabaki pale pale.

Kwa nini mfuko mmoja uponye udongo na mwingine usiuponye, ilhali kalsiamu ni ile ile? Jibu limo ndani ya mada ambayo watoto wetu wa sekondari huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau wiki inayofuata: kutambua ayoni watazamaji na kuandika mlingano halisi wa ayoni. Wanaisoma kwa Kiingereza, na mzazi akiuliza leo mmefundishwa nini, mara nyingi hawapati maneno ya kumweleza. Redioni nako milinganyo ni tabu kuisoma. Herufi na tarakimu hupita kabla sikio halijazishika. Hapa tumeiandika, msikilizaji, uisome taratibu na urudie mstari kila unapotaka.

Chumvi ikiingia majini

Koroga kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kikombe cha maji. Punje zinapotea machoni, ladha inabaki. Kilichotokea ni kwamba chumvi, ambayo wanakemia huiandika NaCl, imeachana: sodiamu kivyake, kloridi kivyake, kila moja imezungukwa na maji. Vipande hivyo vyenye chaji ya umeme ndivyo vinavyoitwa ayoni. Sodiamu ina chaji chanya moja, tunaandika Na⁺. Kloridi ina chaji hasi moja, Cl⁻. Kalsiamu ina chanya mbili, Ca²⁺, na kabonati ina hasi mbili, CO₃²⁻. Alama ndogo za juu zinahesabu chaji. Tarakimu ndogo za chini zinahesabu atomi. Ukishika hilo tu, mengine yote yaliyoandikwa hapa yanasomeka.

Wazo hili halikupokewa kirahisi. Mwaka 1884 kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Uppsala tasnifu iliyoweka msingi wake, na walimu waliomsahihisha wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa wazo hilo hilo. Mwanafunzi anayeiona mada hii ngumu ajue kwamba iliwahi kuwashinda maprofesa.

Sasa, ukichanganya vimiminika viwili vyenye ayoni, si lazima zote zishughulike. Ni kama ngomani. Wanaocheza wako katikati, wengine wamesimama kuzunguka. Waliosimama wapo, unaweza kuwahesabu, ila ngoma haichezwi nao. Ayoni zinazoingia katikati ndizo zinazobadilika: zinashikana na kuwa kitu kigumu, au maji, au gesi. Zilizosimama pembeni zinatoka kama zilivyoingia. Hizo ndizo ayoni watazamaji. Mlingano halisi wa ayoni ni ule unaowaandika wachezaji peke yao.

Sabuni isiyotoa povu

Wanaochota maji kwenye visima vya maeneo yenye mawe ya chokaa, ukanda wa pwani ukiwamo, wanaijua adha hii. Unasugua sabuni ya mche, povu halitoki, na juu ya beseni kinaelea kitu cha kijivu kama maziwa yaliyokatika. Hayo ndiyo maji magumu. Ugumu wake ni ayoni za kalsiamu, na pengine magnesi, ambazo maji yamezichukua yalipopita kwenye mawe.

Sabuni ya mche ni chumvi iliyotengenezwa kwa mafuta na sodiamu. Majini inaachana: Na⁺ upande mmoja, na upande wa pili ayoni kubwa ya mafuta yenye chaji hasi, ambayo tutaifupisha St⁻ kwa jina la stearati. Ayoni hiyo kubwa ndiyo inayong'oa uchafu. Lakini kalsiamu inaiwahi:

Ca²⁺ + 2St⁻ → CaSt₂

CaSt₂ ndicho kile kitu cha kijivu juu ya beseni. Angalia hesabu: kalsiamu moja inameza ayoni mbili za sabuni. Ndiyo maana povu halitoki mpaka kalsiamu yote iliyomo kwenye beseni iwe imeshiba, na mpaka hapo mche umekwisha nusu. Na angalia nani hayumo. Sodiamu ya sabuni haikuandikwa, kwa kuwa iliingia ikiwa Na⁺ na bado inaelea ikiwa Na⁺.

Sabuni nyingi za unga za kisasa hazina shida hiyo. Ayoni yake ya kusafishia ikikutana na kalsiamu haigandi kuwa kitu kigumu, hivyo inabaki majini ikiendelea na kazi.

Magadi, majivu, na mlingano mmoja

Mabibi zetu walikuwa na dawa ya maji magumu kabla ya sabuni za unga. Ni magadi, yale yanayovunwa katika maziwa kama Natron kwa upande wa Tanzania na Magadi kwa upande wa Kenya. Kinachofanya kazi ndani yake ni kabonati ya sodiamu, Na₂CO₃. Kalsiamu ya kisimani huwa na wenzake wa aina mbalimbali. Tuchukulie hapa imekuja na kloridi. Kwanza mwanafunzi anaandika mlingano mzima, kila kitu kikiwa kimeungana:

CaCl₂ + Na₂CO₃ → CaCO₃ + 2NaCl

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Kila kilichoyeyuka majini kinatenganishwa kuwa ayoni, na kisichoyeyuka kinaachwa kizima. CaCO₃ ni chokaa, haiyeyuki, inatua chini kama mashapo meupe. Haitenganishwi.

Ca²⁺ + 2Cl⁻ + 2Na⁺ + CO₃²⁻ → CaCO₃ + 2Na⁺ + 2Cl⁻

Sasa soma mstari huo kutoka kushoto kwenda kulia ukitafuta majina yanayojirudia bila kubadilika. 2Na⁺ iko pande zote mbili. 2Cl⁻ iko pande zote mbili. Chukua kalamu uzikate. Kinachobaki ni hiki:

Ca²⁺ + CO₃²⁻ → CaCO₃

Kabla hujafurahi, hesabu chaji. Kushoto kuna chanya mbili na hasi mbili, jumla sifuri. Kulia sifuri. Atomi nazo zinalingana. Chaji zisipolingana, kuna mahali umekosea, hata kama atomi zote zipo. Kwenye mtihani mwanafunzi anatakiwa pia aonyeshe kipi kiko majini, kipi ni kigumu na kipi ni gesi. Sisi tumeziacha alama hizo ili mistari ikae kwenye kioo cha simu. Yeye asiziache.

Uzuri wa jambo hili unaonekana ukikosa magadi. Wengine hutumia maji ya majivu ya kuni, yaliyochujwa. Majivu yana kabonati ya potasiamu, K₂CO₃. Ukifuata hatua zile zile, watazamaji safari hii watakuwa K⁺ na Cl⁻, na ukiwakata utabaki na mstari ule ule, herufi kwa herufi: Ca²⁺ + CO₃²⁻ → CaCO₃. Kwa kulainisha maji ya kufulia, basi, magadi ya dukani na majivu ya jikoni ni kitu kimoja. Aliyenunua magadi amenunua kabonati pamoja na mtazamaji wa aina nyingine. (Maji ya majivu yakiwa makali huunguza ngozi, kwa hiyo yasishikwe ovyo. Na kwa vyote viwili, acha mashapo yatue, ukamue yale maji ya juu ndiyo ufulie.)

Hapa tuongeze neno ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno. Kumkata mtazamaji kwenye karatasi si kumtoa kwenye chungu. Sodiamu ya magadi yaliyotiwa kwenye maharage ili yaive upesi inabaki kwenye mchuzi, inaliwa, inaingia mwilini. Kwa mwenye shinikizo la damu aliyeambiwa hospitali apunguze chumvi, sodiamu ya magadi ni ile ile ya chumvi ya mezani. Anaweza kuacha kutia chumvi kabisa na bado akaila. Katika mmenyuko wa chunguni ilitazama tu. Ndani ya mwili ina kazi yake.

Wala utazamaji si tabia ya kudumu. Kloridi iliyokaa pembeni kwenye beseni la magadi, ikikutana na ayoni ya madini ya fedha, inaingia katikati mara moja: Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl, na mashapo meupe yanatokea. Walimu wa kemia hutumia mmenyuko huo kupima kama maji yana kloridi. Kwa hiyo mwanafunzi asikariri kwamba kloridi au sodiamu ni mtazamaji. Kila safari aangalie nani amebadilika.

Kipi kitenganishwe, kipi kiachwe

Makosa mengi hutokea kwenye hatua ya pili. Chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amonia, pamoja na nitrati zote, huyeyuka. Hizo zitenganishe bila wasiwasi. Kloridi nyingi huyeyuka, ila ya fedha na ya risasi hazimo. Salfeti nyingi huyeyuka, ila ya bari na ya risasi hazimo, na ya kalsiamu huyeyuka kidogo. Kabonati ni kinyume: nyingi haziyeyuki, isipokuwa zile za sodiamu, potasiamu na amonia. Maji yenyewe na gesi haviguswi. Asidi dhaifu nazo, kama ya siki, huandikwa nzima, kwa kuwa sehemu kubwa yake majini haijaachana. Asidi kali kama ya haidrokloriki hutenganishwa. Na ayoni yenye atomi kadhaa, kama CO₃²⁻ au SO₄²⁻, ni mwili mmoja. Anayeivunja kuwa kaboni na oksijeni ameharibu swali.

Kwamba kitu kisichoyeyuka kisitenganishwe si suala la unadhifu wa daftari tu. Ayoni ya bari, Ba²⁺, ni sumu. Lakini hospitalini mgonjwa anayepigwa picha ya eksirei ya tumbo anaweza kupewa kikombe kizima cha salfeti ya bari anywe, na haimdhuru. Sababu ni kwamba BaSO₄ haiyeyuki. Inapita tumboni na kutoka ikiwa nzima, bila kuachia Ba²⁺ ya kutosha kuleta madhara. Kabonati ya bari nayo haiyeyuki kwenye maji matupu, lakini asidi ya tumboni huila na kuiachia ayoni, na ikaua. Ndiyo maana iliwahi kutumika kama sumu ya panya. Mtu akimeza sumu ya bari inayoyeyuka, dawa mojawapo wanayotumia madaktari ni salfeti inayoyeyuka, ya sodiamu au ya magnesi. Utajiandikia mwenyewe kwa nini haijalishi sana ni ya sodiamu au ya magnesi:

Ba²⁺ + SO₄²⁻ → BaSO₄

Turudi shambani

Tindikali, iwe ya maabara au ya udongo, ni kazi ya ayoni ya haidrojeni, H⁺. Ukichanganya asidi kali na alkali kali, kwa mfano asidi ya haidrokloriki na soda kali, watazamaji ni Na⁺ na Cl⁻, na kinachobaki ni H⁺ + OH⁻ → H₂O. Tumia asidi ya nitriki na haidroksidi ya potasiamu, watazamaji watabadilika, mstari utabaki ule ule. Anayedhani huu ni ujanja wa walimu apime joto. Michanganyiko yote miwili hutoa joto karibu sawa, kilojuli 57 hivi kwa kila moli ya maji yanayotengenezwa. Kama sodiamu au nitrati zingekuwa zinashiriki, joto lisingefanana.

Udongo wa maeneo yenye mvua nyingi, kama Nyanda za Juu Kusini za Tanzania na magharibi mwa Kenya, huingiwa na tindikali kwa sababu mvua huosha madini kama kalsiamu na kuyapeleka chini. Mbolea zenye amonia, zikitumika miaka mingi bila kurekebisha udongo, huongeza H⁺. Tindikali ikizidi, alumini iliyojificha udongoni huyeyuka na kuunguza mizizi ya mahindi. Mmea unadumaa hata ukiwekewa mbolea ya bei gani. Sasa mwaga chokaa ya kilimo:

CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂

Chembe moja ya chokaa imezikamata H⁺ mbili, zikawa maji, na gesi ikaruka. Lakini tazama vizuri aliyezikamata. Ni kabonati. Kalsiamu imeachiwa tu, na udongo utaifurahia kama chakula cha mmea, ila siyo iliyoondoa tindikali. Sasa mwaga jasi:

CaSO₄ + 2H⁺ → Ca²⁺ + SO₄²⁻ + 2H⁺

H⁺ mbili ziko kushoto na H⁺ mbili ziko kulia. Ukizikata, unabaki na jasi iliyoyeyuka polepole, CaSO₄ → Ca²⁺ + SO₄²⁻, basi. Tindikali yenyewe imegeuka mtazamaji. Imesimama pembeni ikiangalia fedha za mkulima zikiyeyuka.

Tusiionee jasi. Ina kazi zake, na ni kazi nzuri. Huwapa karanga kalsiamu wakati zinatunga, huleta salfa, na hutumika kwenye mashamba ya umwagiliaji yaliyoharibiwa na magadi, kuisukuma sodiamu itoke. Tatizo ni kuinunua kwa kazi isiyo yake.

Kuna jaribio dogo la nyumbani. Chota unga kidogo, uweke kwenye kisahani, ukamulie ndimu au umwagie siki. Chokaa ya kilimo hutoa mapovu yanayochemka. Hiyo ni CO₂ ya kwenye mlingano wa juu. Jasi hukaa kimya. Tunaomba jaribio hili lisichukuliwe zaidi ya uwezo wake, kwani chokaa yenye magnesi nyingi, ile ya dolomaiti, hutoa mapovu polepole sana na mtu asiye na subira anaweza kuitupa. Chokaa iliyozimwa, ya kupakia nyumba, haitoi povu kabisa na bado inaondoa tindikali, kwa sababu yenyewe inatumia OH⁻ badala ya kabonati. Hiyo huunguza macho na ngozi, haifai kushikwa kwa mikono mitupu. Na mapovu hayatakwambia shamba lako linahitaji mifuko mingapi. Hilo ni la kupima udongo kupitia afisa ugani, maana chokaa ikizidi nayo hufungia mmea madini mengine, zinki ikiwamo.

Swali la kujipima

Kwa wanafunzi, na kwa mzazi anayetaka kushindana nao, hili hapa. Maji ya mto yenye tope husafishwa kwa shabu, ambayo ni chumvi ya potasiamu, alumini na salfeti kwa pamoja. Ikiyeyuka inatoa K⁺, Al³⁺ na SO₄²⁻. Maji ya mto huwa na ayoni ya haidrojenikabonati, HCO₃⁻. Baada ya kukoroga, zinatokea nyuzinyuzi nyepesi za haidroksidi ya alumini, Al(OH)₃, ambazo haziyeyuki na zinakamata tope na kutua nalo chini. Gesi ya CO₂ pia inatoka. Nani watazamaji, na mlingano halisi ni upi? Funika kioo kwanza.

Watazamaji ni K⁺ na SO₄²⁻, pamoja na ayoni yoyote chanya iliyokuja mtoni na haidrojenikabonati. Mlingano ni:

Al³⁺ + 3HCO₃⁻ → Al(OH)₃ + 3CO₂

Chaji kushoto ni chanya tatu na hasi tatu, kulia sifuri. Mtoto akiandika potasiamu humo, mwonyeshe kwamba iliingia K⁺ na imetoka K⁺. Na maji hayo yakishang'aa bado yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywa, kwa kuwa shabu hutuliza tope na haiui vijidudu vyote.